Kula Kwanza, Kulala Baadaye: Meza na Vitanda vya Homa Bay na Migori

Karibu na mji wa Kendu Bay, eneo la Karachuonyo, kuna ziwa dogo la duara lenye maji ya magadi. Wanajiolojia wanasema ni kreta ya volkano iliyojaa maji. Wazee wa huko wana maelezo yao. Palikuwa na kijiji hapo, wanasimulia, na usiku mmoja watu wakiwa kwenye karamu ya pombe akatokea bibi kizee, amechoka, ana njaa, anaomba chakula na mahali pa kujilaza. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Bibi akamwonya aondoke na watu wake mapema, kisha mvua ikapiga mpaka kijiji kikazama na karamu yake yote. Ziwa lenyewe ndilo Simbi Nyaima. Flamingo wanaolitembelea leo hawana habari ya kesi hiyo.

Ni mahali pachache ambapo adhabu ya kumnyima mgeni chakula inaonekana hata kwenye ramani. Na hadithi inastahili kutazamwa kwa makini kidogo: yule bibi hakuomba kitanda peke yake. Aliomba vyote viwili, kula na kulala, kama kitu kimoja.

Wajapani wamejenga biashara nzima juu ya kitu hicho kimoja. Ryokan ni nyumba yao ya wageni ya kienyeji. Mgeni anavua viatu mlangoni, anapewa vazi jepesi la pamba liitwalo yukata, anaoga maji moto yanayotoka ardhini, kisha analetewa chakula cha jioni chumbani au katika ukumbi mdogo. Sakafu imetandazwa mikeka ya tatami, na godoro hutandikwa hapo hapo mgeni akiwa bado anakula au anaoga. Bei hutajwa kwa kichwa, si kwa chumba, na ndani yake mna usiku mmoja na milo miwili. Zile zenye sifa ya jikoni hupika mlo wa kaiseki: sahani ndogo ndogo zinazofuatana, kila moja na kitu cha msimu wake, samaki wa mto ule, uyoga wa mlima ule. Kongwe kupita zote, Nishiyama Onsen Keiunkan ya mkoa wa Yamanashi, inahesabu umri wake kuanzia mwaka 705. Wako watu Japani wanaopanda treni hadi mkoa mwingine kwa ajili ya chakula cha jioni tu. Kitanda ni cha kungojea kifungua kinywa.

Sasa mtu akisimama gatini Homa Bay, akatazama ghuba upande mmoja na mlima Asego upande wa pili, atajiuliza: hapa kuna nini cha namna hiyo? Jibu la haraka ni hakuna. Jibu la kweli zaidi ni kwamba vipande vyote vipo, ila kila kimoja kinauzwa na mtu wake. Samaki yuko ufuoni. Mpishi hodari yuko kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko. Kitanda kiko gesti, ambako jikoni mara nyingi hujua chai, mayai na mkate. Maji moto yako chini ya vilima vya Homa, ambako chemchemi zinatoka ardhini na wenyeji huoga wakiamini yanatibu. Na hadithi ziko kwa wazee. Mgeni ndiye anayepaswa kuzunguka na bodaboda akiviokota kimoja kimoja.

Wajapani wenyewe, kwa taarifa tu, si wageni hapa. Chuo Kikuu cha Nagasaki kina kituo cha utafiti Mbita, na kwa miaka mingi wanasayansi wake wamekuwa wakifuatilia malaria na afya ya familia za kando ya ziwa. Jirani yao ni kampasi ya ICIPE, kituo cha sayansi ya wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Kampasi hiyo ya Mbita Point sasa ina jina lake. Kwa hiyo wapo watu wa Nagasaki waliozoea ugali wa mtama na samaki aitwaye ngege kabla watu wengi wa Nairobi hawajafika Mbita hata mara moja.

Tuanze na huyo ngege, maana ndiye anayewavuta watu.

Mpishi anayejua kazi yake hanunui samaki kwa ukubwa. Anafunua shavu aone kama ni jekundu, anatazama jicho kama bado linang'aa, anabonyeza tumbo kwa kidole gumba. Akiridhika, anampaa magamba kwa kisu kikiinamishwa kutoka mkiani kwenda kichwani, anampasua tumbo, anatoa matumbo, anamsafisha mpaka maji yawe meupe. Kisha anamchanja ubavu, mikato mitatu au minne ya mshazari kila upande, ili mafuta yaingie hadi kwenye mfupa. Chumvi, basi. Karai la mafuta likishachemka kweli kweli, samaki anazamishwa mzima na kichwa chake, na hageuzwi kabla ngozi ya chini haijakauka, la sivyo atabaki nusu kwenye karai. Wanaopenda mkavu humla hivyo na kachumbari. Wanaopenda mchuzi husubiri zaidi: vitunguu na nyanya vinakaangwa kwenye sufuria nyingine hadi nyanya ziwe rojo, maji kidogo, dhania, halafu samaki analazwa humo achemke taratibu mpaka mchuzi upenye kwenye ile mikato. Kazi hii yote haifanyiki kwa dakika kumi. Anayeletewa sahani haraka hivyo ajue samaki wake alikaangwa asubuhi na amekuwa akimngoja mtu yeyote.

Mezani hakuna uma. Ugali unaokuja naye, kuon kwa Kijaluo, ukiwa wa unga wa mtama au wimbi uliochanganywa na muhogo huwa wa rangi ya udongo, mzito, wenye uchachu wa mbali unaopatana na mafuta ya samaki kuliko ugali mweupe wa sembe. Kichwa huachiwa anayekijua. Mgeni anayeacha kichwa kwenye sahani atasamehewa, ila atakumbukwa.

Jina la ngege lenyewe limehama. Ngege wa mababu ni aina ya asili ya Ziwa Victoria, na huyo amekaribia kutoweka katika ziwa kuu. Anayeitwa ngege leo kwa kawaida ni sato wa Mto Nile, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950. Mbuta, yaani sangara, naye aliletwa kati ya miaka ya 1950 na 1960, akanyamaza kidogo, na kufikia miaka ya 1980 akawa mfalme wa ziwa, akiwala fulu na samaki wengine wadogo waliokuwa kitoweo cha kila siku. Aliwapa watu viwanda na soko la Ulaya. Minofu ilipopanda ndege, mifupa ilibaki, na wakazi wa Nyanza wakagundua kwamba mfupa wa mbuta ukikaangwa vizuri una nyama ya kutosha kwa mtu mwenye subira. Wakauita mgongo wazi. Hadi leo kuna watu wenye pesa zao wanaoupenda kuliko minofu.

Na sasa kuna samaki wa tatu katika hadithi hii: yule wa kizimba. Anayesafiri kwa boti pwani ya Suba huona safu za vizimba vya wavu vikielea, vikiwemo vile vya mashamba makubwa ya Roo. Sato wa humo hulishwa chakula cha kutengenezwa, hukua kwa ukubwa mmoja, na hupatikana mwaka mzima. Hii ni nafuu kubwa kwa nchi ambayo imekuwa ikiagiza samaki waliogandishwa kutoka China. Lakini wala samaki wazoefu wa Homa Bay wanadai wanamtambua kwa ulimi: mnono, laini, hana ule ukakamavu wa samaki aliyehangaika na mawimbi. Mtu anayesafiri kwa ajili ya kula ana haki ya kuuliza mhudumu, bila kuona haya, "Huyu ni wa nyavu au wa kizimba?" Mhudumu mkweli atajibu. Mhudumu mjanja atasema, "Wote ni wa ziwa, omera."

Omena ni habari nyingine. Huvuliwa usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zinazowavuta dagaa hao juu ya maji. Kutoka ufuo wa Sori au Muhuru, taa hizo huonekana kama mji uliojengwa ziwani. Alfajiri boti zinarudi, wanawake wanapima kwa ndoo na mabeseni, na kabla jua halijachoma omena wameshatandazwa kwenye nyavu kuukuu, fedha tupu. Anayelala karibu na ufuo hahitaji saa ya kumwamsha. Serikali hufunga uvuvi wa omena kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai kila mwaka ili wazaliane, na katika miezi hiyo wanaoliwa ni wale waliokaushwa zamani, ambao wapishi wengi huwaosha kwa maji moto, huwakaanga wakauke tena, ndipo huwatia nyanya.

Hadi hapo mgeni wa siku moja anaweza kula vizuri. Anashuka kwenye matatu saa sita, anakaa kibandani, saa nane amepata ngege wake. Tatizo ni kwamba nusu nzuri ya jikoni ya kando ya ziwa haiwezi kupikwa mtu akishafika.

Mboga ndizo mfano mzuri. Osuga, yaani mnavu, na akeyo, yaani mgagani, ni chungu. Mpishi wa kienyeji hapigani na uchungu huo kwa sukari wala kwa nyanya nyingi. Anazichemsha, anamwaga maji ya kwanza, anatia maziwa, anaziacha. Kesho yake anazipasha na kuongeza maziwa. Keshokutwa tena. Katika chungu cha udongo, agulu, mboga zinazidi kulainika na uchungu unageuka kuwa kitu kingine ambacho mtu huanza kukitamani akiwa mbali. Sahani ya akeyo ya siku ya tatu na ile ya siku ya kwanza ni kama vyakula viwili tofauti. Aliya ni hivyo hivyo: nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande virefu, ikatiwa chumvi, ikaanikwa juani kwa siku kadhaa, kisha ikachemshwa polepole na kuungwa kwa samli. Obambla, samaki aliyepasuliwa na kukaushwa, anahitaji kulowekwa kwanza. Kuku wa kienyeji anahitaji kukimbizwa kwanza.

Hapa ndipo ryokan inapokuwa na somo kwa wenye gesti wa Nyanza, na somo lenyewe halihusu mikeka wala mashuka. Jikoni ya ryokan ni nzuri kwa sababu inajua nani anakuja leo jioni. Mgeni ameagiza chumba wiki iliyopita, wako wawili, mmoja hali nyama, watakula saa moja. Mpishi hapiki ili ajaze menyu, anapika kwa ajili ya watu wale. Hoteli ya kawaida hufanya kinyume: inaandika vyakula thelathini ukutani, halafu mhudumu anakuja kusema kilichopo ni chipsi na kuku. Ukiondoa adabu zote za Kijapani, kinachobaki ni taarifa ya mapema. Na chakula cha Kijaluo, zaidi ya vyakula vingi, ni chakula cha kumtarajia mtu.

Katika boma, dala, kutarajia huko kulikuwa na mpango wake hadi kwenye vitanda. Nyumba ya mke mkubwa, mikayi, ilikaa ikitazama lango. Mwenye boma alikuwa na duol yake karibu na zizi, na humo ndimo wanaume na wageni wao walikota moto na kula pamoja, sahani zikiletwa kutoka kila nyumba ya mke. Ndiyo kusema mgeni wa mwenye wake watatu alionja mikono mitatu kwa usiku mmoja, na kila mpishi alijua kwamba atapimwa. Vijana walilala na marafiki zao katika simba karibu na lango. Watoto walikusanyika siwindhe, nyumba ya bibi, kwa hadithi na vitendawili mpaka usingizi. Hakuna aliyelipa, lakini hakuna aliyelala ovyo pia.

Mipaka ilikuwepo, tena mikali. Mzazi halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mama mkwe ndiye kabisa: anaweza kuja na zawadi, akapikiwa, akashiba, lakini jua likizama usingizi wake hauwi chini ya paa la mkwewe. Kwa familia za zamani zilizokaa kata moja hilo halikuwa shida. Siku hizi binti anaolewa Mbita na mama yake anatoka Kisii au Busia, na ndiyo maana gesti ndogo za miji hii zina wateja ambao hakuna tangazo la utalii linalowataja: wakwe. Wanakula kwa mkwe, wanalala gesti. Wateja wengine wa uhakika ni watu wa matanga. Kuanzia Ijumaa jioni, mji wowote wa Nyanza Kusini hujaa magari ya waombolezaji kutoka Nairobi na Mombasa, na anayetafuta chumba Rongo au Homa Bay usiku wa Ijumaa bila kuagiza anaweza kujikuta amelala ndani ya gari. Ajabu ni kwamba mapishi makubwa ya wikendi hiyo, ng'ombe mzima na masufuria ya kubebwa na watu wawili, yanafanyika bomani. Gesti haiuzi hata supu.

Mji wa Homa Bay umeanza kuonja wageni wa aina nyingine. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika huko, mada ikiwa uchumi wa majini, na Agosti mwaka huo huo ukafuata Mkutano wa Ugatuzi. Matukio kama hayo huacha nyuma majengo mapya yenye vyumba vya ghorofa, vioo vya rangi ya samawati na televisheni kubwa kuliko kitanda. Ni jambo jema. Ila vyumba hivyo vingeweza kuwa Thika au Eldoret. Kwenye dirisha tu ndipo unapojua uko ziwani.

Visiwani hali iko tofauti kidogo. Rusinga iliunganishwa na Mbita kwa tuta miaka ya 1980, na baadaye daraja. Ina loji yake, gesti kadhaa, na sababu nyingi za kukaa zaidi ya mlo mmoja: kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa hapa nyumbani kwao katika jengo lenye umbo la risasi, miamba ambamo Mary Leakey alipata fuvu la nyani wa kale, Proconsul, mwaka 1948, na tamasha la utamaduni la Desemba ambapo vyakula vya Wasuba huwekwa mbele bila aibu. Mfangano hufikiwa kwa boti kutoka Mbita. Huko kuna makumbusho ya amani ya Abasuba, na michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga, miduara ya rangi nyekundu na nyeupe iliyoachwa na watu wa kale. Takawiri ina mchanga mweupe ambao mtu wa Mombasa akiuona picha yake huuliza ni Pwani gani.

Loji za visiwani ndizo zinazokaribia ryokan kwa umbo: bei moja, milo ndani, wageni wachache, mpishi anayejua idadi. Kinachokosekana mara nyingi ni ujasiri. Menyu za loji nyingi Afrika Mashariki huandikwa kwa kumhofia mgeni, kana kwamba mtu aliyevuka bahari mbili amekuja kula supu ya maboga na kipande cha kuku asicho na mfupa. Ngege hutolewa mifupa, akawekwa limau, akapoteza jina. Ugali huletwa kama kionjo, donge dogo pembeni. Akeyo ya maziwa ndiyo haipati nafasi kabisa, labda kwa kuwa haiendani na picha. Halafu ukipita jikoni jioni unawakuta wafanyakazi wamezunguka sufuria, na kilichomo ndicho mgeni alichopaswa kupewa.

Kwa upande wa Migori, utajiri ni wa mchanganyiko. Mji wenyewe uko kwenye barabara kuu ya kwenda Isebania na Tanzania, na una kasi ya mji wa mpakani: malori, wafanyabiashara wa dhahabu kutoka upande wa Macalder, wakulima wa miwa kutoka Awendo, gesti za kila bei. Ukipanda kuelekea Kehancha unaingia kwa Wakuria, na samaki anapungua mezani. Nyama, maziwa ya mgando na ugali wa wimbi na muhogo vinashika nafasi. Ukishuka Karungu na Sori unarudi kwa ngege na omena. Ndani ya saa chache za barabara mgeni amebadilisha jikoni, jambo ambalo wenye hoteli za Migori hawajalitangaza hata kwa kibao.

Kivutio kikubwa cha kaunti hii, Thimlich Ohinga, kiko kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikiza, yenye asili ya karne ya 16, na UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta za boma kubwa, Kochieng, zinafika zaidi ya mita nne mahali pengine. Milango ni mifupi, anayeingia lazima ainame. Mwenyeji wa kale hakuwa mjinga: alimpokea mgeni akiwa kichwa chini, shingo wazi, na akamtazama vizuri kabla ya kumkaribisha chakula. Ndani kuna mawe ya kusagia nafaka na mashimo ya mchezo wa ajua, bao la Kijaluo, yaliyochongwa kwenye jiwe. Yaani watu walisaga, wakala, wakacheza. Leo mtalii anayefika Thimlich saa saba mchana na njaa yake afadhali awe amebeba chapati zake.

Aliyezoea kudhani kwamba habari ya chakula katika kaunti hizi inaanzia na wavuvi, atazame Rasi ya Homa. Katika eneo la Nyayanga watafiti walifukua zana za mawe na mifupa ya viboko iliyokatwakatwa, na utafiti wao, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023, uliweka umri wa mahali hapo kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Hao walioketi hapo hatuna hakika hata kama walikuwa ukoo wetu. Walichokuwa nacho ni nyama ya kiboko na mawe makali, na walikula karibu na maji.

Si kwamba Kenya haijui thamani ya sufuria zake. Japani iliingiza mapishi yake ya asili, washoku, katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2013. Kenya nayo mwaka 2021 ilipata nafasi katika rejista ya mifano bora ya UNESCO kwa juhudi za kulinda vyakula vya asili, kazi iliyoanza mwaka 2007 wakati wataalamu walipoona mboga za kienyeji zinapotea mashambani na vichwani mwa watoto. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT ametumia maisha yake ya kisayansi kuonyesha kwamba mnavu na mgagani si magugu ya maskini. Leo mboga hizo zina bei kuliko kabeji katika masoko ya Nairobi. Kilichobaki nyuma ni kitanda kinachouzwa pamoja nazo.

Wapo wanaojaribu. Nyumba za kupokea wageni kifamilia zinaruhusiwa na mpango wa utalii wa taifa, na Rusinga, Mfangano na Kendu Bay hupati shida kumpata mama mwenye chumba cha ziada, shuka safi na jiko la kuni. Nyumba hizo hazina vibao. Hupatikana kwa kuuliza, na wenyewe huitwa kwa walikozaliwa, nyar Karungu, nyar Kanyamwa. Choo kinaweza kuwa nje. Maji ya kuoga ni ya ndoo, yamepashwa kuni na yana harufu ya moshi. Lakini ndiko mahali ambapo mtu atakuta mboga za siku ya tatu, kwa sababu mwenye nyumba angezipika hata mgeni asingekuja.

Kwa anayetaka kwenda, njia ni kupiga simu siku tatu kabla, si jioni ya safari. Aseme watakuwa wangapi na watafika saa ngapi. Aombe ugali wa mtama au wimbi kwa kuutaja, maana asipoutaja ataletewa mweupe kwa heshima. Aulize mboga, na kama zinaweza kutiwa maziwa tangu siku hiyo. Akubaliane bei moja ya chumba, chakula cha jioni na cha asubuhi, ili asubuhi kusiwe na hesabu ya kila kikombe. Asiende wikendi kama hana jamaa wa kuzika. Akiomba ngege, akubali kumngoja. Na kama safari ni kati ya Aprili na Julai, omena mbichi asiwaulize kabisa. Aulize obambla, na mwenye nyumba atajua anazungumza na mtu wa aina gani.